Uzamivu wa toksikolojia: kuajiriwa Ulaya, kwenda Marekani, sandwichi, au kubaki kanda hii?

Mwenye shahada ya uzamili ya famasia, tiba ya mifugo, kemia au afya ya mazingira akianza kutafuta nafasi ya uzamivu katika toksikolojia, yaani sayansi ya sumu, huwa anapanga kwa nchi: Ujerumani, Uingereza, Marekani, Japani, Afrika Kusini. Orodha ya nchi haimfikishi mbali. Kinachotenganisha njia hizi ni jambo ambalo matangazo ya ufadhili hayalisemi waziwazi: fedha imefungwa kwa nani. Ipo fedha inayokufuata wewe, ukaenda nayo kwa msimamizi uliyemchagua na swali ulilolibuni mwenyewe. Ipo nyingine iliyokwisha kufungwa kwenye mradi, na wewe unaitwa kuja kuutekeleza.

Katika fani nyingine tofauti hiyo ni ndogo. Mwanafunzi wa historia akipata posho ya kujikimu na nauli ya kufika kwenye nyaraka, ameshapata sehemu kubwa ya anachohitaji. Toksikolojia ni ghali kwa namna yake. Seli zinazooteshwa maabara zinataka lishe yake, tangi la nitrojeni na kabati la joto lisilozimika umeme ukikatika. Panya wanataka banda lenye kibali na mtu wa kuwatazama hata Jumapili. Sampuli za damu au mahindi zinataka mashine ya kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi, na mashine hiyo inataka gesi, viwango vya rejea, na fundi anayejua kuifufua ikigoma. Posho yako inaweza kulipwa bila kukosa hata mwezi mmoja, na utafiti ukawa umekufa tangu mwaka wa pili kwa kukosa vitendanishi. Nimeona watu wakisherehekea barua ya ufadhili bila kusoma mstari unaosema gharama za maabara ni juu ya chuo mwenyeji.

Kwa hiyo nimezipima njia hizi kwa maswali matatu: nani anamlipa mwanafunzi, nani anailipia maabara, na swali la utafiti ni la nani.

Ulaya: uzamivu kama kazi

Uswidi, Uholanzi, Norwei, Denmark na sehemu kubwa ya Ujerumani, mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Anaomba nafasi kama anavyoomba kazi yoyote, anafanyiwa usaili, anasaini mkataba, anakatwa kodi, ana bima na likizo. Uswidi haitozi ada ya uzamivu kwa raia wa nchi yoyote. Mafunzo ni miaka 4 ya kazi kamili, na idara inaweza kukupa kufundisha na kazi nyingine zisizozidi asilimia 20 ya muda wako, hivyo wengi hukaribia mwaka wa 5. Ujerumani mkataba mara nyingi ni wa nusu au theluthi mbili ya ajira ya daraja la E13 la watumishi wa umma. Saa za kukaa maabara hazitakuwa nusu. Kila aliyepita huko analijua hilo.

Miongoni mwa nafasi zinazolipa vizuri kwa mgeni ni zile za mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayogharimiwa na Umoja wa Ulaya. Katika wito wa 2023 na 2024 kiwango cha kujikimu kiliwekwa euro 3,400 kwa mwezi, pamoja na euro 600 za kuhama na nyongeza kwa mwenye familia. Usizihesabu zote kuwa zako: kiwango hicho hurekebishwa kulingana na gharama za maisha za nchi husika, na hukatwa michango ya mwajiri na ya mwajiriwa kabla hakijafika benki. Hata hivyo kinachobaki kinamtosha mtu na mwenzi wake, jambo ambalo posho nyingi za masomo haziwezi.

Masharti yake ni rahisi kuyaeleza na rahisi kuyavunja bila kujua. Uraia wowote unakubalika. Usiwe na uzamivu tayari. Na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyemaliza uzamili wa miaka 2 Ubelgiji juzi hawezi kuajiriwa Ubelgiji kwa mpango huu, lakini Uhispania au Italia anaweza. Kasoro kubwa ni muda: kwa kawaida fedha ni ya miezi 36, na vyuo vingi havimtoi mtu na tasnifu iliyotetewa ndani ya muda huo. Kwenye usaili uliza mwaka wa 4 unalipwa na nani. Msimamizi mwenye jibu atakuambia palepale.

Maabara hapa imelipiwa, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Vitendanishi vimo kwenye bajeti, mashine ina fundi wake, na mtandao unakuhamisha miezi kadhaa kwenda maabara nyingine au kampuni. Lakini swali ni lao. Mradi uliandikwa muda mrefu kabla hujasikia jina lake, kila mwanafunzi amegawiwa kifungu chake, na nafasi ya kugeuza mwelekeo ni finyu. Mwelekeo wenyewe una sababu ya kisheria: tangu 2013 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na sheria zake za kemikali zinasukuma upande huohuo. Fedha nyingi za toksikolojia huko zinakwenda kwenye majaribio yasiyotumia wanyama: seli za binadamu, viungo vidogo vilivyooteshwa, modeli za kompyuta. Utatoka ukiwa fundi wa seli za ini zilizozalishwa kutoka seli shina. Huenda usiwe umewahi kufungua gunia la mahindi yaliyoota ukungu wala kumpima damu mpulizaji wa viuatilifu.

Uingereza imekaa katikati. Mwanafunzi hulipwa posho isiyokatwa kodi, hana mkataba wa ajira. Mabaraza ya utafiti, chini ya UKRI, yalifungua milango kwa wageni mwaka 2021, wasizidi asilimia 30 ya kundi, na chuo hakiruhusiwi kumdai mgeni aliyepewa nafasi hiyo tofauti ya ada. Posho ya chini kwa 2025/26 ni pauni 20,780. Kwa toksikolojia hasa kuna mpango wa mafunzo wa pamoja unaogharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba, MRC, wa miaka 4, ulioshikamana na kitengo chake cha toksikolojia. Kitengo hicho kilianzishwa 1947, kikakaa Leicester miaka mingi, sasa kiko Cambridge. Mambo mawili ya viza huwashtua watu wetu: ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa mapema kwa miaka yote, na cheti cha ATAS, kwa kuwa toksikolojia imo katika masomo yanayochunguzwa kiusalama. Cheti hakilipiwi, kinachokula ni majuma ya kusubiri. Upande wa pili, mwanafunzi wa uzamivu bado anaruhusiwa kwenda na mwenzi na watoto, ruhusa waliyonyang'anywa wengi wa uzamili tangu Januari 2024.

Marekani: darasa bora, fedha yenye uraia

Kwa kufundishwa toksikolojia kama somo kamili, sijaona panapoifikia Marekani. Uzamivu wa huko ni miaka 5 au zaidi, na miwili ya kwanza ina madarasa halisi: kinetiki ya sumu mwilini, patholojia, takwimu, tathmini ya hatari. Unazunguka katika maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi, kisha unafanya mtihani wa kukupitisha kuwa mtafiti. Daktari wa mifugo ambaye hakuwahi kufundishwa vizuri baiolojia ya molekuli anapata muda wa kuziba pengo hilo. Ulaya atatarajiwa kushika pipeti mwezi wa kwanza.

Kwenye fedha ndipo penye mtego. Chombo maarufu cha kulipia wanafunzi wa toksikolojia Marekani ni ruzuku ya mafunzo iitwayo T32, inayotolewa na taasisi ya afya ya mazingira, NIEHS, yenye makao Research Triangle Park, North Carolina. Mwaka 2024 posho yake kwa mwanafunzi wa uzamivu ilikuwa dola 28,224 kwa mwaka, na vyuo vingi huongeza juu yake. Wanaoruhusiwa kulipwa nayo ni raia na wakazi wa kudumu tu. Ruzuku binafsi ya F31 ina sharti hilohilo. Idara ikijivunia T32 yake kwenye tovuti, jua kwamba hiyo ni sifa ya ubora wa mafunzo, na utakaa darasa moja na wanaolipwa nayo. Wewe utalipwa kwa kufundisha maabara za shahada ya kwanza, au kutoka ruzuku ya utafiti ya msimamizi wako. Maana yake tumerudi kwenye fedha ya mradi: ruzuku yake isipohuishwa, wewe ndiye wa kwanza kuhangaika.

Na mwaka 2025 hilo halikuwa jambo la kufikirika. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani ambazo NIEHS ni mojawapo, ilisitisha ruzuku nyingi, vyuo kadhaa vikapunguza udahili wa uzamivu, na mwezi Mei ikatangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha fedha mpya kwa washirika wa nje, utaratibu ambao miradi mingi ya Afrika iliutegemea. Juu yake kuna viza. Tangazo la Juni 2025 liliwekea Burundi vikwazo vinavyogusa viza za masomo, na la Desemba likaongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Mkenya na Mtanzania hawasimami tena foleni moja. Fulbright nayo, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa nchi ambako inatolewa kwa uzamivu, huja na viza ya J-1 na sharti la kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukazi huko. Kwa anayekusudia kurudi, sharti hilo halina uzito.

Sandwichi: unachimba nyumbani, unapima ugenini

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo njia iliyozaa toksikolojia nyingi tunayoijua kuhusu kanda yetu wenyewe. Unabaki mwajiriwa wa chuo au taasisi yako, unakusanya sampuli nyumbani, unakwenda ng'ambo kwa vipindi vya miezi kadhaa kupima na kuandika. Shahada hutolewa na chuo cha huko, au cha nyumbani, au vyote viwili. Ghent na Leuven nchini Ubelgiji, Wageningen nchini Uholanzi na Bergen nchini Norwei wamefanya hivi kwa muda mrefu. Uswidi iliwalea hivyo wahadhiri wengi wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Angalia matunda yake. Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, 20 wakafa. Mkenya anakumbuka 2004, pale Makueni, Kitui na wilaya za jirani, wagonjwa 317 na vifo 125. Utaalamu wa kulielewa janga la namna hiyo haukuanza siku hiyo. Martin Kimanya alikuwa amesomea uzamivu Ghent akichunguza fumonisini, aina mojawapo ya sumukuvu, katika mahindi yanayoliwa na kaya za vijijini Tanzania, kisha akaendeleza utafiti na kulea wanafunzi Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kule Kongo, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walipima kobalti kwenye mkojo wa wakazi wa Katanga, na mwaka 2018 wakaonyesha jinsi watoto wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuzwa machimbo, walivyobeba kobalti nyingi kuliko wa mtaa usio na machimbo. Muhimbili na Bergen walishughulika na vumbi la viwanda vya kahawa na la makaa ya mawe. Maswali haya yasingeandikwa na mtu aliyekaa Düsseldorf. Yalihitaji anayejua mahindi huhifadhiwa wapi na mchimbaji hulala wapi.

Kwa kipimo cha nani anamiliki swali, basi, sandwichi inaongoza. Mshahara wako unaendelea, watoto hawahamishwi shule, na ukimaliza kiti chako kipo. Udhaifu wake uko kwenye maabara na kwenye muda.

Muda kwanza. Mwajiri wa nyumbani anakubali kwa barua kwamba utapunguziwa vipindi, halafu muhula ukianza unakuta una kozi tatu na wanafunzi wa kusimamia mafunzo kwa vitendo. Barua ya ruhusa isiyotaja idadi ya vipindi haikulindi. Kisha vibali. Tanzania utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR ikiwa unagusa binadamu, na kibali cha utafiti cha COSTECH. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Sampuli za damu zikitoka nchini zinahitaji mkataba wa kuzihamisha, na mkataba huo unahitaji saini za wanasheria wa pande mbili ambao hawana haraka kama wewe. Barafu kavu, mizigo ya ndege, wikendi ya sikukuu uwanja wa ndege: panga kana kwamba vyote vitachelewa. Mpango wa Commonwealth wa kugawana masomo, unaompa mwanafunzi miezi 12 Uingereza, ni mzuri sana kwa aliyekwisha kupata vibali na sampuli zikiwa kwenye friji. Anayefika bila sampuli ataimaliza miezi hiyo maktaba.

Maabara pili. Chuo cha ng'ambo mara nyingi hutoza gharama za benchi, yaani malipo ya kutumia maabara, na ufadhili wa sandwichi huziwekea kiasi kidogo. Uliza kiasi gani kwa mwezi na kinahesabu nini. Na lipo jambo linalouma baadaye: umepima kwa mashine ya Ghent, umerudi, mchapishaji anakuomba urudie sampuli kumi, na mashine hiyo nyumbani hakuna. Wasimamizi wawili pia wana bei yake. Wakikubaliana mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, na data itakaa wapi, mambo huenda. Wakiacha mpaka makala ya kwanza iive, mwanafunzi ndiye atakayegeuka kuwa mjumbe kati yao.

Kubaki kanda hii

Kuna dharau isiyo na msingi juu ya kusoma hapa. Nairobi wana Idara ya Afya ya Jamii, Famakolojia na Toksikolojia kwenye kitivo cha mifugo, Kabete. Sokoine, Makerere, Muhimbili na Nelson Mandela wanatoa uzamivu unaogusa viuatilifu, sumukuvu, metali nzito na dawa za mifugo. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wana programu ya ARPPIS tangu 1983. Ni ya sayansi ya wadudu, ila anayetaka kujua kiuatilifu kinamfanya nini nyuki au adui asilia wa kipekecha bua hatapata mahali bora zaidi ukanda huu, na maabara zao zinafanya kazi. Pretoria, kwenye kampasi ya mifugo ya Onderstepoort, wana jina kubwa katika mimea na kemikali zinazoua mifugo.

Fedha zipo, ila kila mfuko una mlango wake. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hulipia masomo ndani ya nchi au ndani ya kanda kwenye vyuo na mitandao waliyochagua, na hutaka shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka 6. Anayepata anaweza kuomba pia kipindi kifupi cha utafiti Ujerumani, kati ya miezi 2 na 6. Mfuko wa PASET, unaosimamiwa na icipe tangu 2018 na kuchangiwa na serikali zikiwemo za Kenya na Rwanda, hulipia uzamivu wa muda wote katika vyuo teule vya Afrika, na una kipengele cha kumpeleka mwanafunzi kwa mshirika wa kimataifa. CARTA, ulioanzishwa 2008 na kuongozwa na APHRC ya Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huchukua watumishi wa taasisi wanachama, wakiwemo Nairobi, Moi, Makerere na Rwanda. Semina zake nne za pamoja zinafundisha kuandika, kubuni utafiti na kuomba ruzuku vizuri kuliko darasa nyingi za huku. Ni mpango wa afya ya jamii, kwa hiyo andiko la sumu litapita likiandikwa upande wa watu wanavyofikiwa na sumu. La seli kwenye sahani halitapita.

Tatizo la hapa ni lile la mwanzo. Posho na ada vimelipwa, fungu la utafiti ni dogo, na maabara ya idara ina mashine isiyo na gesi. Dawa yake ni kumtafuta msimamizi mwenye ruzuku inayoendelea kabla ya kuomba posho. Mwanafunzi wa Kabete aliyepachikwa kwenye mradi wa sumukuvu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kilomita chache kutoka kampasi, na mwenzake wa idara ileile asiye na mradi wanasoma shahada yenye jina moja tu.

Japani, kwa ufupi

Ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani, MEXT, hulipa yeni 145,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamivu, ada haipo, na nauli ya kwenda na kurudi imo. Fedha hii inakufuata wewe, na maabara za huko huwa na bajeti yake. Hokkaido, kwenye maabara ya toksikolojia ya kitivo cha mifugo, wamepokea Waafrika wengi kwa kazi yenye mizizi Afrika. Mfano unaotajwa sana ni Kabwe, Zambia, mji wa mgodi wa risasi na zinki uliofungwa 1994: John Yabe, aliyesoma Hokkaido, na wenzake walichapisha mwaka 2015 kwamba kila mtoto waliyempima katika mitaa iliyo jirani na mgodi alikuwa na risasi inayozidi mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Kwangu hii ndiyo njia inayopuuzwa kuliko zote. Sharti la umri, chini ya miaka 35, ndilo huwakata wengi.

Kwa jicho moja

| | Anayemlipa mwanafunzi | Anayelipia maabara | Swali ni la nani | Muda halisi |
|---|---|---|---|---|
| Ajira Ulaya | Mwajiri, kwa mshahara | Mradi, kikamilifu | La mradi | Miaka 3 hadi 5 |
| Uingereza | Baraza la utafiti, kwa posho | Fungu la mafunzo na la msimamizi | La msimamizi, lina nafasi ya kujadili | Miaka 4 |
| Marekani | Chuo au ruzuku ya msimamizi | Ruzuku ya msimamizi | La msimamizi | Miaka 5 au zaidi |
| Sandwichi | Mwajiri wa nyumbani na mfadhili | Panapobishaniwa | Lako | Miaka 4, mara nyingi zaidi |
| Kanda hii | DAAD, PASET, CARTA | Hutegemea mradi wa msimamizi | Lako au la mradi | Miaka 3 hadi 5 |
| Japani | Serikali, kwa posho | Maabara mwenyeji | La makubaliano | Miaka 3, au 4 kwenye mifugo |

Baada ya shahada

Jambo moja halionekani kwenye jedwali. Mamlaka zetu, kama TPHPA ya Arusha inayosimamia viuatilifu, TMDA ya dawa, au bodi ya viuatilifu ya Kenya, hazihitaji zaidi mtu wa kugundua njia mpya ya seli kufa. Zinahitaji mtu anayeweza kusoma jalada la kampuni lenye kurasa elfu kadhaa na kusema kiwango hiki kinafaa au hakifai kwa mkulima asiye na glavu. Hiyo ni tathmini ya hatari, na uzamivu mwingi haukufundishi. Marekani imo darasani. Uholanzi kuna kozi za baada ya shahada ambazo mwanafunzi huchukua sambamba na tasnifu, na zinahesabiwa anapoomba usajili wa mtoksikolojia wa Ulaya, ERT, unaotaka pia uzoefu wa miaka 5. Chuo Kikuu cha Cape Town kina stashahada ya usimamizi wa hatari za viuatilifu inayosomwa ukiwa kazini. Ukienda njia ya seli, ongeza kozi hizi kwa makusudi, la sivyo utarudi na makala nzuri ambazo hakuna ofisi ya hapa inayojua izitumieje.

Ningechagua vipi

Mhadhiri msaidizi mwenye ajira na familia, na swali linalotoka wilayani kwake: sandwichi, kwa sharti kwamba gharama za benchi zimeandikwa kwa tarakimu kwenye barua na mwajiri ametaja idadi ya vipindi utakavyobaki navyo. Asipopata maandishi hayo mawili, bora PASET au DAAD chini ya msimamizi mwenye mradi.

Kijana wa miaka 26 asiye na ajira ya kuilinda, anayependa kazi ya maabara yenyewe: ajira ya Ulaya, bila kusita sana. Mshahara ni wa kweli na ufundi atakaoupata hauwezi kununuliwa hapa. Akubali tu kwamba miaka hiyo atafanya swali la wengine. La kwake atalianza baadaye.

Mkenya au Mganda mwenye alama nzuri na msingi mwembamba wa molekuli: Marekani bado inafaa, akiuliza idara swali moja kabla ya kulipa ada ya maombi, kwamba wanafunzi wa kigeni waliopo sasa wanalipwa na mfuko gani mwaka wa 3 na kuendelea. Mtanzania na Mrundi, kwa hali ya viza ilivyo, nisingewashauri waweke matumaini yote huko mwaka huu. Daktari wa mifugo mwenye umri chini ya miaka 35 wa nchi yoyote ajaribu Hokkaido kwanza.

Kuhusu kalenda: maombi ya Marekani mengi hufungwa Desemba. MEXT ya kupitia ubalozi hutangazwa karibu Aprili na Mei kwa safari ya mwaka unaofuata. Nafasi za Ulaya hutangazwa mwaka mzima kwenye tovuti ya EURAXESS, na nyingine hukaa wazi majuma machache tu, hivyo wasifu na barua za wadhamini viwe tayari kabla ya tangazo. Sandwichi haina tangazo. Inaanza na kurasa mbili za andiko, msimamizi wa nyumbani aliyekubali jina lake litajwe, na barua pepe kwa mtu wa ng'ambo anayemiliki mashine unayoihitaji, ukimtajia una sampuli gani, ngapi, na kibali cha nani.